Masanduku ya kulindia ruta na kamera kwenye banda la uani: nimeyapanga, na la kwanza si sanduku

Mama mmoja wa Kigamboni, Dar es Salaam, alinipigia simu asubuhi na mapema, mwezi wa tatu, joto limekaba. "Fundi, kamera zimezima tena. Njoo mwanangu, nimechoka kununua." Kilikuwa kinasa cha tatu, yaani kifaa cha kurekodi picha za kamera, ndani ya miaka miwili. Vifaa vyake vyote viko kwenye banda la uani, la tofali na bati, halina silingi, ndimo wanamoweka mkaa, baiskeli ya mjukuu na pampu ya kisima. Fundi aliyenitangulia hakuwa mvivu hata kidogo. Alinunua sanduku zuri la plastiki lenye alama ya IP66, ile ya kuzuia vumbi na maji, akaziba kila tundu kwa silikoni, na pale waya zinapoingilia akaongeza gundi ya mabomba. Hata ungelipiga maji ya gari la zimamoto lisingeingiza tone.

Nilipofungua, joto lilinipiga usoni kama nimefunua sufuria. Chini ya sanduku kulikuwa na maji, si mengi, kama kijiko cha chai. Ncha za kebo zilikuwa na ukungu wa kijani, na chuma cha soketi za kinasa kimekwisha kutafunwa na kutu.

Yale maji hayakuwa ya mvua. Yalikuwa hewa ya Kigamboni. Sanduku likipata joto mchana, hewa ya ndani hutanuka na kutoka kidogo kidogo kupitia hata ndani ya ganda la kebo. Usiku umeme ukikatika na vifaa vikapoa, hewa ya nje hunyonywa kuingia, ikiwa na unyevu na chumvi yake. Alfajiri unyevu unageuka matone. Kesho yake tena. Kutoka sasa hayawezi, maana kila tundu limezibwa.

Basi nikiulizwa "fundi, ninunue sanduku gani?", huwa siachi mtu aende Kariakoo kabla hatujaongea kwanza.

Adui wa hapa si yule wa kwenye miongozo

Ukitafuta ushauri wa namna ya kulinda vifaa kwenye banda la nje, mwingi umeandikwa na watu wa nchi za baridi. Wao kilio chao ni banda kutokuwa na hita: betri zinaganda, umande unatanda majira ya baridi. Wanashauriana wafunge vizuri na kutia joto. Ukiuchukua ushauri ule ulivyo ukauleta Tabata, umenunua tanuri.

Hapa kwetu mambo ni manne. La kwanza ni joto. Ruta nyingi za nyumbani zimetengenezwa kufanya kazi mpaka nyuzi 40 za Selsiasi, soma karatasi iliyomo kwenye boksi utaliona hilo. Sasa stoo ya bati isiyo na silingi, saa nane mchana mwezi wa pili, nimeipima kwa kipimajoto cha kawaida nikakuta 41, na hapo ruta haijawashwa. La pili ni unyevu. Asubuhi nyingi za Dar unyevu wa hewa unapita asilimia 80, na hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 85 huanza kutoa umande ikigusa kitu chenye nyuzi kama 22 tu. Bati likipoa usiku linafika hapo bila shida, ndiyo maana mabati "yanatoka jasho" na kudondosha maji alfajiri hata siku isiyo na mvua. La tatu ni chumvi, kwa wenzetu wa Kigamboni, Kunduchi, Msasani na Mbezi Beach. Mtu wa Kimara au Goba ana nafuu kubwa hapo. La nne ni umeme wenyewe, na hilo nitalikalia peke yake, maana limeua vifaa vingi kuliko hayo matatu.

Kuna la tano ambalo watu hucheka nikilitaja: mijusi, sisimizi, mende na nyigu. Subiri.

Alama ya IP, kwa maneno machache

Tarakimu ya kwanza ni vumbi, mwisho wake 6. Ya pili ni maji: 4 ni kurushiwa maji, 5 ni mpira wa maji unaopuliza, 6 ni mpira wenye nguvu zaidi, 7 ni kuzamishwa mita moja kwa nusu saa. Wauzaji hutaja namba kubwa kama vile ni maksi za mtihani. Lakini ndani ya banda lenye paa hakuna anayepuliza mpira wa maji. Unacholipia kwenye IP66 ni kuziba, na kuziba kunafungia joto.

Hesabu yake si ngumu. Ruta inakula wati kama 10, swichi ndogo ya mtandao 5, kinasa chenye diski moja 15. Jumla 30. Wati zote hizo mwisho wake ni joto. Ukizifungia kwenye sanduku la plastiki la sentimita 40 kwa 30 kwa 20, mgongo umegusa ukuta, hewa ya ndani itazidi ya nje kwa nyuzi 15 hadi 20. Nje 38, ndani 55. Na vifaa vya namna hii vina vikopo vidogo vya kapasita ambavyo kila nyuzi 10 zikiongezeka, umri wake unakatika nusu. Hazifi siku hiyo. Zinakufa mwaka wa pili, dhamana ikiwa imekwisha.

1. Usinunue sanduku: rudisha vifaa ndani ya nyumba

Hili ndilo namba moja yangu, na halinipi faida yoyote ya kuuza. Jiulize kwanza hicho kinasa kinafanya nini bandani. Mara nyingi jibu ni kwamba fundi aliona kebo za kamera zinakutana huko, akakifunga huko.

Kuna swichi za mtandao zenye PoE, ambapo umeme na intaneti vinapita kwenye kebo moja. Swichi inakaa sebuleni au juu ya kabati la koridoni, pamoja na ruta na kinasa. Bandani inakwenda kebo tu, na mwisho wake kamera au kifaa cha Wi-Fi cha nje, ambavyo vimetengenezwa tangu kiwandani kukaa juani na mvuani. Kamera ya kawaida inatumia chini ya wati 13, na PoE ya kiwango cha chini inatosha. Mpaka ni mita 100 za kebo. Viwanja vingi vya Dar vya 20 kwa 20 au 20 kwa 30 haviufikii mpaka huo hata kebo ikifuata nusu ya ukuta.

Faida yake ya pili watu huiona wakishaibiwa. Kinasa kikiwa bandani, mwizi anavunja kufuli moja na kuondoka na pampu pamoja na ushahidi wake. Na ya tatu: ukiweka UPS moja, yaani betri ya kushikilia umeme ukikatika, ndani ya nyumba, nyuma ya swichi hiyo, kamera zote zinabaki hai umeme ukikatika, bila betri hata moja kukaa kwenye joto.

Hela ambayo ungeitia kwenye sanduku, itie kwenye kebo. Hapo usibane. Kebo ya mtandao ya nje iwe na ganda jeusi la polithini, lile linalostahimili jua. Ya kijivu ya ndani huwa kama ganda la yai baada ya misimu miwili. Na iwe shaba tupu. Soko limejaa kebo ambayo nyuzi zake ni alumini iliyopakwa shaba juu. Dawa ni wembe: kata kipande, kwangua uzi mmoja. Ikionekana rangi ya fedha ndani, rudisha. Boksi lake pia huwa jepesi kwa mkono. Kwa kamera iliyo karibu inaweza kufanya kazi, ila kwa PoE ya mita 60 umeme unapotea njiani, na usiku taa za kamera zikiwaka, kamera inazima na kuwaka, inazima na kuwaka, na mwenye nyumba anadhani ni jini.

Lini hili namba moja halikufai? Banda likiwa na mpangaji anayehitaji soketi zake za mtandao, likiwa ndilo lenye kidhibiti cha pampu au cha geti, au likiwa mbali kweli kweli. Basi, twende kwenye masanduku.

2. Sanduku la plastiki, kubwa kuliko unavyohitaji, lenye kupumua

Kwa mabanda mengi ya Dar, hili ndilo sanduku la kununua. Zipo plastiki za aina mbili utakazokutana nazo: ABS na polikaboneti. ABS ni rahisi na inatosha kabisa ndani ya banda, lakini juani hugeuka njano na kupasuka. Polikaboneti ni ya bei zaidi na inavumilia jua, hasa ikiwa imetiwa kinga yake. Plastiki haishiki kutu, haizuii Wi-Fi, na ukitaka tundu unatoboa kwa drili ya kawaida.

Ukubwa: panga vifaa vyako sakafuni, pima eneo, kisha nunua mara mbili yake. Adapta ndizo huwa zinasahaulika, na ndizo zenye joto kuliko vyote. Rangi nyeupe au kijivu cha maji. Masanduku meusi yaachie wauza spika.

Kisha, na hapa ndipo wateja hunikodolea macho, unalitoboa sanduku jipya. Tundu mbili za sentimita tano chini, mbili juu upande mwingine, zote zifunikwe wavu wa chuma kisichoshika kutu wenye vitundu vidogo kuliko vya chandarua. Hewa ya moto inapanda na kutoka juu, ya baridi inaingia chini, bila feni. Yapo masanduku yanayokuja na mapezi ya hewa na kichujio chake, alama yake IP54 au 55. Ukiyapata, nunua hayo na kichujio kisafishwe kila mara kipupwe kikiisha, maana vumbi la miezi ile hukiziba. "Sasa fundi, si nimelipia IP66 yote?" Ndiyo. Ndiyo maana nasema nunua ya 54.

Ukishaweka tundu, achana na vile vifuko vya kukausha unyevu. Silika jeli inafanya kazi ndani ya kitu kilichofungwa. Kwenye sanduku linalopumua itakausha anga lote la Dar es Salaam, na itashindwa kabla ya chakula cha mchana. Kinacholinda vifaa hapa ni joto lao wenyewe kidogo: kifaa kinachowaka muda wote kinakuwa na joto kuliko hewa inayokizunguka, na umande haukai juu ya kitu chenye joto. Hatari ni saa zile ambazo umeme haupo.

Kebo ziingilie chini, kupitia glandi (kifungo cha kubana kebo kwenye tundu), kila moja yake. Kabla ya kuingia, iache ipinde kushuka chini ya sanduku kisha ipande, ili maji yanayofuata kebo yadondokee pale kwenye pinda. Bei ya pinda ni sifuri na mafundi wengi hawaliweki.

3. Raki ya ukutani ya chuma, yenye mlango wa kioo

Hii ndiyo inayoonekana ofisini, ya yuniti 6 au 9 (ndicho kipimo cha urefu wa raki). Nzuri mno kwa kupanga vitu: kinasa rafu yake, swichi rafu yake, feni mbili juu. Ubavuni ina matundu. Kama banda lako limepigwa plasta, lina silingi na sakafu kavu, na uko Kimara, Ubungo, Makongo, yaani mbali na pwani kidogo, raki inaweza kuipiku namba mbili.

Kwa nini basi iko ya tatu? Kwa sababu haijakingwa na kitu. Vumbi la mkaa, vumbi la unga wa dona, vyote vinaingia na feni inavisaidia kuingia. Ni bati jembamba. Pembeni mwa bahari linaanza kutu kwenye skrubu, kisha kwenye bawaba. Na kama ruta iko ndani ya chuma, Wi-Fi inabaki humo humo na wewe. Watu huilaumu kampuni ya intaneti miezi sita, kumbe ruta imefungiwa kabatini.

Ukiinunua, paka rangi kila ulipotoboa, siku hiyo hiyo.

4. Sanduku la chuma lililozibwa, rangi ya kuokwa

Zito, zuri, kufuli la kweli. Hili ni la breka, kontakta na kidhibiti cha pampu, vitu visivyotoa joto jingi. Kwa kazi hiyo silishindanishi na lolote. Kwa ruta na kinasa, ndilo lile sufuria la Kigamboni tena, safari hii la chuma.

Kama lazima litundikwe ukuta wa nje, chagua ukuta. Dar iko nyuzi karibu 7 kusini mwa ikweta: mwezi wa kumi na mbili jua linakaa kusini mwetu, mwezi wa sita kaskazini, na mwanzoni mwa Machi linapita utosini. Ukuta wa kusini na wa kaskazini hupeana zamu. Wa magharibi ndio wa kukimbia mwaka mzima, unapigwa jua la alasiri wakati tofali lenyewe limeshajaa moto. Mashariki chini ya upenu, sawa.

5. La kuchomelewa na fundi

Eneo la Gerezani, Dar, au kwa fundi wa mtaani kwako, unampa vipimo na jioni unalichukua. Kwa bei ni rafiki na kwa mwizi ni adui. Shida ni rangi: kipande cha bati kinachomelewa, kinapigwa rangi moja ya haraka juu ya masizi ya moto, na mvua za masika zinakianza kwenye maungio. Mimi hulitumia kama ngome tu. Ndani namba mbili, nje kizimba cha nondo chenye kufuli. Mwambie fundi akwangue masizi, apake rangi nyekundu ya kuzuia kutu mara mbili ndipo ya juu ifuate, na usimamie pale pale, ukienda kunywa chai utakuta moja.

Ya mwisho: ndoo, kontena la chakula, sanduku la mbao, mfuko wa nailoni

Hapana. Mbao ni chakula cha mchwa na kuni za moto wa shoti. Hivyo vingine nimevitoa kwa wateja vikiwa vimeyeyuka.

Sasa umeme, ambao sanduku haliuoni

Tangu mitambo ya Bwawa la Mwalimu Nyerere, la megawati 2,115, ianze kuwashwa mwaka 2024, mgao si ule tuliouzoea. Lakini mnazi kuangukia waya, transfoma ya mtaa kuelemewa, na units za LUKU, umeme wa kulipia kabla, kuisha saa nane usiku, hayo bwawa haliyatibu. Kifaa hakiuawi na kukatika kwa umeme. Kinauawa na unavyorudi.

Mtandao wetu ni volti 230. Siku waya wa nyutro ukikatika kwenye nguzo, nyumba yako inaweza kuletewa volti zinazokaribia 400 kwenye soketi, na si kwa sekunde, kwa dakika nzima. Ndiyo ile siku mtaa mzima unaunguza TV. Sasa pangilia ununuzi hivi.

Kabla ya yote, ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini. Banda nyingi zimeunganishwa kwa waya mbili tu zilizotoka jikoni, hakuna ya tatu. Hakuna kinga ya umeme wa ghafla itakayofanya kazi ipasavyo bila ethi, kwa sababu kazi yake kubwa ni kuusukuma huo umeme ardhini. Nguzo ya shaba ya mita 1.2 kwenye mchanga mkavu wa pwani mara nyingi haitoshi. Ziwekwe mbili au ndefu zaidi, na zipimwe. Kazi hii mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, na umwambie aunganishe ethi ya banda na ya nyumba badala ya kuacha kila moja kivyake. Ongeza na breka inayokata umeme ukivuja: bandani kuna sakafu ya maji na pampu, na huko umeme unaua watu.

Nikilazimishwa kuchagua kifaa kimoja baada ya ethi, nachukua gadi. Ile ile inayouzwa kama gadi ya friji au gadi ya TV. Volti zikizidi au zikipungua mno, inakata. Umeme ukirudi, inasubiri utulie ndipo iruhusu. Chukua ya TV, si ya friji. Ya friji inasubiri dakika kadhaa kwa ajili ya kompresa, na wewe hutaki kamera zikae gizani muda wote huo.

Ya pili ni kinga ya radi inayofungwa kwenye boksi la breka, aina ya 2. Ina kidirisha: kijani ni nzima, nyekundu imekufa kwa niaba yako, ibadilishe. Kwenye ubavu wake tafuta volti inazovumilia muda wote. Ya 275 inakidhi vitabu. Kwa mitaa ambayo umeme hupanda, mimi nafunga ya 320 au 385, la sivyo inajichosha bure. Elewa tu kwamba hii ni ya kishindo cha sekunde moja iliyokatwa vipande maelfu. Nyutro ikikatika, haitakuokoa. Ndiyo maana gadi imetangulia.

Ya tatu, UPS ndogo ya volti 12, ile ya ruta. Hapa hesabu mwenyewe. Muuzaji atasema "hii ni elfu kumi". Ni mAh 10,000 za seli yenye volti 3.7, yaani saa-wati 37. Ruta ya wati 10, ukitoa upotevu, itakaa kama saa tatu. Ukiambiwa siku nzima, mwache amalize kucheka. Uliza kama ndani kuna lithiamu ya chuma na fosfati. Inavumilia joto kuliko lithiamu ya kawaida, ambayo haipendi kuchajiwa juu ya nyuzi 45.

Ya nne, UPS ya kompyuta, ile nzito. Ndani yake kuna betri ya risasi, kwa kawaida volti 12 na saa-ampea 7. Betri hizi umri wake huhesabiwa kwenye nyuzi 25, na kila nyuzi 10 juu ya hapo unakatika nusu. Bandani usiiweke. Iweke ndani, pamoja na namba moja.

Ekstensheni yenye kitaa chekundu kilichoandikwa kinga? Kitaa ni kitaa. Fungua moja iliyoungua uone mlichonunua wote mtaani: swichi, balbu ndogo, na waya mwembamba.

Na jambo moja la mwisho kuhusu umeme. Kebo ya shaba kati ya nyumba mbili ni njia ya radi vilevile. Radi ikipiga karibu, msimu wa masika hasa, ardhi ya nyumba na ardhi ya banda hazilingani kwa kufumba na kufumbua, na tofauti yao inapita kwenye kebo yako ya mtandao mpaka kwenye ruta. Kama banda lina umeme wake na liko mbali, vuta faiba na vigeuzi viwili, kimoja kila ncha, vya kuiunganisha na kebo ya mtandao. Faiba ni kioo, haipitishi umeme. Bei yake imeshuka kiasi kwamba kwa mita 50 kwenda juu silali nikiwaza shaba.

Wale wa tano

Mjusi hupenda joto na hupenda wadudu wanaofuata taa ya kifaa. Akipita juu ya vyuma viwili vyenye umeme, mmoja kati yake na kifaa hatoki salama, na kwa kawaida hawatoki wote wawili. Sisimizi hujenga ndani ya swichi za pampu mpaka haziwezi kugusana. Mende hulala juu ya adapta. Nyigu wa udongo ndiye mjanja kuliko wote: utatengeneza tundu zako safi za hewa, na baada ya mwezi ameziziba kwa tope, kazi imekamilika vizuri kuliko ya yule fundi wa silikoni. Wavu wenye vitundu vidogo unawazuia wengi. Nyigu hazuiliki, anaziba wavu wenyewe. Pita na brashi kila unaponunua umeme wa LUKU, ni ratiba isiyosahaulika.

Panya hula ganda la kebo. Paipu ngumu chini na juu, basi.

Siku ya kwenda Kariakoo

Nenda asubuhi, siku ya kazi, kabla mtaa haujajaa. Beba vipimo vya vifaa vyako kwenye karatasi, wembe wa kebo, na sumaku ndogo. Sumaku ni ya skrubu na wavu: chuma kisichoshika kutu kwa kawaida hakiivuti au kinaivuta kidogo sana, na chenye kung'aa tu kwa kupakwa zinki kinaing'ang'ania. Kwa wa pwani skrubu za zinki ni za mwaka mmoja.

Sanduku lifungue dukani. Pitisha kidole kwenye mpira wa kuzibia; uwe mzima kuzunguka pande zote, usiwe umeungwa kwa gundi kwenye kona. Lifunge, lisukume kwenye kona moja, likicheza wacha. Glandi zihesabiwe humo humo, usizinunue duka la pili, zitakataa tundu. Kwenye breka, gadi na kebo ya umeme tafuta alama ya TBS, shirika la viwango, na uzito: breka nyepesi kama njugu ina spring tu ndani.

Uliza maduka matatu. Bei ya kwanza ni salamu.

Yule mama wa Kigamboni hatimaye hakununua sanduku. Kinasa kiko juu ya kabati la chumbani kwake, bandani imekwenda kebo nyeusi kupitia paipu, na lile sanduku la IP66 amelichukua jikoni. Anahifadhia unga, na sisimizi hawajaingia.